Pumzi ya Mama Mkwe

Mara ya kwanza walimhurumia. Alikuwa ametoka harusini amelewa, na bustani ya mzunguko wa barabara aliyoipanda kwa gari haikuwa na maua ya kumliza mtu, kwa hiyo hakimu alimpiga faini, akampa onyo, akamwambia aende nyumbani akalale. Mara ya pili alijipeleka mwenyewe. Saa kumi na mbili jioni Honi aliendesha gari lake mpaka kwenye geti la kituo cha askari wa barabarani akidhani ni kwake, akapiga honi afunguliwe. Askari wa zamu akafungua. Honi akateremsha kioo, akaanza kumgombeza: yaani mtu anatoka kazini kachoka, anawekwa nje dakika tano, hivi humu ndani mnafanya nini? Askari akamwomba radhi, akamwelekeza pa kuegesha, akamfungulia mlango wa gari, kisha akamfungulia na mlango mwingine, ule wenye nondo.

Jina la Honi alipewa na watoto. Miaka kumi na mmoja alikuwa dereva wa basi la shule, na kila nyumba aliyopita kuchukua mtoto alipiga mbili fupi na moja ndefu, mpaka mbwa wa mtaa wakaizoea. Alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilisema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza: basi la watoto hajawahi kulipanda amelewa, hata siku moja. Ilikuwa kweli. Alikunywa akiwa na gari lake mwenyewe, kwa muda wake mwenyewe, na sheria ikamnyang'anya leseni mwaka mzima bila kujali huo utaratibu wake mzuri.

Mwalimu mkuu wa shule, mama asiyecheka bure, alimwita ofisini akamwambia waziwazi. "Nitakushikia nafasi. Naweka dereva wa muda. Siku ya kufungua shule mwakani, saa mbili asubuhi, uje na leseni mkononi. Usipokuja nayo, wa muda anakuwa wa kudumu."

Honi akashukuru mpaka akapitiliza. Bila basi lile hakujua yeye ni nani, maana hata majirani walimfahamu kwa honi yake.

Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya kukaa tu nyumbani na kuona aibu. Mkewe alijifunza udereva, akapata leseni kwa jaribio la kwanza, jambo ambalo Honi alilipokea kwa pongezi fupi. Miezi sita iliyobaki ndiyo iliyokuwa ya kutafuta leseni, na ilianzia dirisha namba nne la ofisi ya leseni, kwa karani mmoja mwenye mihuri saba ambaye alikuwa akiifunika kwa kitambaa kila anapokwenda kunywa chai.

"Unafunga kifaa cha kupulizia kwenye gari lako," karani alimwambia. "Mtu anapuliza, kikikuta hakuna pombe gari linawaka. Kikikuta ipo, haliwaki. Kila wiki kipulizwe si chini ya mara nne. Mwisho wa mwezi fundi anatoa karatasi, unaileta hapa. Karatasi sita safi, unachukua leseni yako."

"Sawa. Basi nipeni kibali cha kuendesha hiyo miezi sita."

"Kibali cha nini? Huna leseni."

"Sasa nitapulizaje?"

"Wewe? Usipulize. Ukipuliza umewasha gari. Ukiwasha umeendesha. Ukiendesha bila leseni unaanza upya, na safari hiyo huanzii kwangu, unaanzia kwa hakimu."

"Sasa atapuliza nani?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliichukua fomu akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, akainua macho.

"Fomu haiulizi nani," alisema. "Inauliza mara ngapi."

Kwa hiyo kifaa kikafungwa. Kilikuwa kiboksi cheusi chenye kioo kidogo na mrija, kikining'inia karibu na usukani, na fundi umeme wa magari, rafiki wa Honi wa tangu zamani, akawafundisha: unapuliza sekunde sita mfululizo bila kukata. Ukikata kabla, inaandikwa kwamba jaribio limeshindikana, na mawili ya namna hiyo yanachafua karatasi. Mke akakaa kwenye usukani, akapuliza. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Sekunde ya tatu akaanza kukohoa, na kiboksi kikaandika alivyoshindwa.

"Likikatika jingine, karatasi imechafuka," fundi alisema.

Wote watatu wakageuka kumtazama mama yake mke, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake akisubiri kupelekwa kliniki ya magoti.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne aliwaambia wanawake wavute pumzi na waishushe, na kila alipowaambia aliwaonyesha, mpaka akapata kifua cha kuzima jiko la mkaa kutoka sebuleni. Pombe hakuwahi kuionja. Hata ile ya kusafishia vidonda alikuwa akiishika kwa mbali. Alikuwa akiishi nao kwenye chumba cha nyuma, na tangu siku ya geti la polisi alikuwa akizungumza na mkwe wake kwa kupitia mtu wa tatu. Kama hakuna mtu wa tatu, alizungumza na redio.

Mambo ya wakwe yanajulikana. Honi hakukalia kiti alichotoka kukalia mama huyu, hakunywea kikombe chake, hakupita mbele yake akila. Leo alitakiwa amwombe amwazime mdomo. Alisimama uani akikuna kichwa, akazunguka maneno, akataja serikali, akataja shule, akataja watoto wa watu.

"Kwa hiyo," mama mkwe alisema, na safari hii alimtazama yeye, si redio, "kwenye hiyo karatasi mdomo wangu ndio utaitwa mdomo wako."

"Kwa karatasi tu, mama."

"Unakunywa?"

"Nimeacha, mama. Haki ya nani vile."

"Basi mkwe wangu, pumzi yangu hiyo nakupa. Unitunzie."

Akapanda kiti cha mbele, akautoa mrija, akaufuta kwa leso, akapuliza sekunde sita, na kwa ajili ya kuwaonyesha vijana akaongeza nne. Taa ikawa kijani. Gari likawaka.

Ndivyo nyumba ile ilivyoishi. Kila asubuhi na kila jioni, siku sita za wiki, bibi wa miaka sabini na moja alikaa mbele akapuliza, binti yake akaendesha, na mwenye makosa akakaa nyuma na kikapu cha sokoni. Majirani walidhani mama mzee ana ugonjwa unaohitaji mashine. Wengine walimwombea.

Na Honi kweli alikuwa ameacha. Hili lisemwe kwa haki yake. Mwezi wa kwanza hakugusa, mwezi wa pili hakugusa, alitetemeka, alitoka jasho, alitembea uani akihesabu matofali ya ukuta. Fundi alipotoa karatasi ya kwanza, juu lilikuwepo jina kamili la Honi, na chini, ukiacha lile jaribio moja lililokatika, mistari arobaini na minane iliyosema kitu kimoja: sifuri. Honi aliisoma yote. Ilipokwisha kugongwa muhuri dirisha namba nne, akaibandika nakala yake ukutani sebuleni, palipokuwa na kalenda.

Karatasi ya pili ilipotoka, fundi alisema karatasi nzuri namna hiyo haipongezwi kwa soda. Moja tu, alisema. Honi akakataa mara mbili, mara ya tatu akawa amechoka kukataa. Kulipopambazuka alikaa kiti cha nyuma amejikunja, akisubiri dunia imwangukie. Mama mkwe akafuta mrija, akapuliza. Kijani. Gari likaondoka kwenda sokoni, na katika karatasi ya mwezi ule siku hiyo ilisomeka sifuri.

Hapo ndipo akili ya mtu huyu ilipopinda. Aliitazama ile karatasi ukutani, yenye nembo na muhuri, ikisema kwamba yeye hajanywa. Yeye ni nani abishane na karatasi ya serikali? Akanywa tena Jumamosi. Sifuri. Akanywa Jumatano, apate uhakika. Sifuri. Kufikia karatasi ya nne alikuwa akichapa maji kuliko enzi za geti la polisi, na kila alivyozidi kunywa ndivyo alivyozidi kuwa safi. Alikuwa hata ameanza kuwakemea walevi wa mtaani, akiwaambia wajitazame.

Pombe aliificha stoo, kwenye kopo la maji ya betri, kwa hesabu kwamba hakuna anayekunywa maji ya betri. Mdomoni hakukosa pipi za mnanaa. Mama mkwe alizeeka pua kwa miaka ya dawa za wodini, na tena mkwe humsogelei, unazungumza naye ukiwa hatua tatu. Mke alikuwa na mafua yasiyokwisha. Siku moja aliuliza, "Baba watoto, hizi pipi mbona zimekuwa nyingi?" Honi akamwambia ni ushauri wa darasani.

Maana palikuwa na darasa pia. Kila Alhamisi jioni waliohukumiwa walikaa kwenye viti vya plastiki, mshauri akawasomea maandishi yaliyokuwa ukutani ambayo wote walikuwa wakiyaona. Honi alikuwa nyota wa darasa. Alisimama akaeleza jinsi kishawishi kinavyokuja kikiwa na sura ya rafiki, jinsi mtu anavyojikaza kisabuni, jinsi familia inavyokuwa nguzo. Alieleza vizuri sana kwa sababu alikuwa amekunywa. Mshauri alifuta machozi, akampa cheti chenye maua pembeni.

Karatasi ya sita ilipofika dirisha namba nne, karani aliisoma, akaenda nayo ndani. Alirudi na mkuu wa ofisi mwenyewe, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni, akampa Honi mkono kupitia kwenye dirisha.

"Mara mia tatu na kumi na mbili," mkuu alisema. "Zote sifuri. Unajua kwamba katika ofisi hii hakuna mwingine? Wenzako wote wana madoa mawili matatu. Hata mimi nikipulizishwa mara mia tatu sijui." Akacheka, karani akacheka. "Ndugu yangu, wewe hatukupi leseni dirishani. Wewe tunakukabidhi mbele za watu."

Wakapanga iwe shuleni, siku ileile ya kufungua, saa mbili. Mkuu angezungumza, leseni ingekabidhiwa, na Honi angewasha basi la watoto na kulizungusha uwanjani wakati watu wakipiga makofi. Sheria ilitaka kwa mwaka wa kwanza kila gari atakaloendesha liwe na kile kifaa, kwa hiyo Jumamosi fundi alikitoa kwenye gari la nyumbani akakifunga kwenye basi. Honi alikuwepo, alimshikia tochi. Alikiona kiboksi kikiingia karibu na usukani wake wa miaka kumi na mmoja, aliuona mrija ukining'inia, na hakuna kilichomgonga kichwani. Wala fundi. Wala karani, aliyekuwa akimwona mama mkwe akipuliza nje ya dirisha lake kila mwisho wa mwezi. Miezi sita ile kupuliza ilikuwa kazi ya mama mkwe, kama kupika ilivyo kazi ya mpishi, na hakuna aliyefikiri kwamba huyu bwana naye ana mdomo.

Jumapili mchana alifanya uamuzi wa maana. Kuanzia kesho angekuwa na watoto wa watu mgongoni, kwa hiyo kuanzia kesho hanywi, basi. Akaingia stoo kuagana na kopo la maji ya betri. Lilikuwa limepita nusu kidogo, na kwa kuwa hataki kuacha kitu katikati, aliagana nalo mpaka chini, akalala mapema kama mtu mwema.

Asubuhi alioga, akapiga mswaki mara tatu, akavaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe. Uwanja wa shule ulikuwa umepangwa viti. Kulikuwa na kitambaa kirefu kimeandikwa DEREVA ALIYEBADILIKA. Watoto thelathini na mmoja walikuwa tayari ndani ya basi na masweta mapya, wakibandika pua kwenye vioo. Dereva wa muda alikuwa amesimama pembeni ameshika ufunguo, kijana wa watu, akijua kwamba leo unga unamwagika. Mama mkwe alikaa safu ya mbele na mkoba mapajani. Asubuhi ile alimwita "mwanangu", bila mtu wa tatu, na Honi alijisikia vizuri kupita kiasi.

Mkuu wa ofisi ya leseni alisema kwa nusu saa. Alisema takwimu. Alisema kwamba sheria si rungu, sheria ni ngazi. Akatoa leseni mfukoni, mpya, bado ina joto la koti, akamkabidhi Honi, makofi yakapigwa, mke akapiga picha akitabasamu mpaka macho yakapotea. Kijana wa muda akatoa ufunguo. Honi akapanda basi lake. Kiti kilimpokea pale pale kilipokuwa kimebonyea. Akaingiza ufunguo, akazungusha.

Kioo kidogo kikawaka: PULIZA.

Honi alikitazama. Kwa sekunde chache alisubiri mtu apulize.

"Puliza, ndugu," mkuu alisema kutoka chini, kwa furaha. "Mara ya mia tatu na kumi na tatu."

Watu wakacheka. Akapuliza. Alipuliza kidogo kidogo, kwa pembe ya mdomo, akiweka pipi ya mnanaa mbele ya mrija kama askari wa geti. Kiboksi kikalia mara tatu, taa ikawa nyekundu. Mkuu akasema kifaa kimehamishwa juzi tu, hakijazoea basi, arudie. Akarudia. Nyekundu. Fundi akaitwa, akapanda akakagua nyaya ambazo alijua ni nzima, na alipoinama kwenye usukani akapata habari kamili puani. Akashuka, akaanza kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Karani akamsogelea mkuu na faili, akamnong'oneza, lakini alikuwa mtu wa dirishani, hata mnong'ono wake ulifika safu ya tatu. "Mkuu, ile miezi sita alikuwa anapuliza yule mama pale."

Mkuu akageuka. Akamtazama mama, akakitazama kile kitambaa kirefu, akawatazama wazazi wenye simu mikononi.

"Fomu inasemaje?"

"Haisemi nani."

"Basi mwite."

Mama mkwe akapanda ngazi za basi, goti moja moja, mkoba mkononi. Akatoa leso, akafuta mrija, kama kila siku. Ili kuufikia ilibidi ainame karibu na mkwe wake kuliko walivyowahi kukaribiana tangu posa. Akasimama hapohapo. Alikuwa amezeeka pua, lakini pua ile ilikuwa imezeekea wodini, ikipokea baba za watoto wanaoingia wakiyumba kuuliza kama ni wa kiume.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

Neno "jana" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Honi, na lilikuwa nusu ya ukweli. Nyuma yake watoto walikuwa wameanza kuimba, wakipiga viti.

"Tangu mwezi wa tatu wa kupuliza, mama."

"Karatasi ya ngapi hiyo?"

"Baada ya ya pili."

Midomo ya mama ikasogea, anahesabu. "Kwa hiyo miezi minne mdomo wangu unasema uongo," alisema, "na mimi nimekaa nao, sijui."

"Mama, puliza tu," mkuu aliita kutoka chini. "Muda unakwenda."

Mama mkwe aligeuza kichwa. Pale chini binti yake alikuwa bado ameinua simu, bado anatabasamu, amevaa gauni aliloshonesha kwa ajili ya leo. Mama alimtazama binti yake kwa muda. Kisha, na hili Honi hatalisahau mpaka anaingia kaburini, yule mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya hata umri wake aliinua mrija taratibu akaupeleka mdomoni.

Honi akaweka mkono wake katikati. Kiganja chake kiliugusa mdomo wa mama mkwe wake, jambo lisilosemeka.

"Usipulize, mama," alisema.

Akachomoa ufunguo. Akasimama mlangoni mwa basi, leseni mfukoni mwa shati jeupe, akasema kwa sauti ya mtu anayesikika mpaka kituo kinachofuata: "Nimekunywa. Jana, na juzi, na miezi minne. Hizo sifuri si zangu, ni za mama huyu." Makofi mawili yaliyokuwa yamechelewa yakakatika. Mke akashusha simu. Honi alikuwa ameona aibu nyingi maishani, lakini nyingine zote alizipata akiwa amelewa. Hii aliipata akiwa macho, na iliuma kila mahali.

Mtoto mmoja wa kiti cha mbele akauliza, "Honi, basi limeharibika?"

"Basi ni zima," alisema, akashuka.

Dereva wa muda alipanda, akapuliza mara moja, kijani, akalizungusha basi uwanjani watoto wakishangilia. Hakupiga honi. Mkuu akamvuta Honi kando. Honi akatoa leseni, akamnyooshea. Mkuu akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo imeshatolewa. Imeshaingia kwenye takwimu."

"Nairudisha."

Karani akafungua faili lake, kwa nia njema kabisa. "Kuna fomu ya kupoteza leseni," alisema. "Kuna ya kuharibika kwa leseni, kuna ya kunyang'anywa. Ya kurudisha mwenyewe hakuna." Akaandika kwenye karatasi ya siku ile: hitilafu ya kifaa. Akapiga muhuri. Kitambaa kirefu wakakikunja vizuri, maana hakikuwa na jina la mtu.

Mwalimu mkuu alikuja mwisho. "Wa muda amekuwa wa kudumu," alisema.

"Naelewa, mwalimu."

"Nimekaa na watoto wa watu miaka ishirini. Ungewasha ukaenda, leo ningekuwa nazungumza na polisi." Akalitazama geti la shule. "Sina mtu wa geti. Asubuhi basi likipiga honi, lifunguliwe. Kesho saa moja. Uje bila harufu."

Wakarudi nyumbani. Mke aliegesha, akaenda moja kwa moja stoo, akarudi na kopo tupu. "Maji ya betri," alisema. "Na mimi nilikuwa najiuliza ni betri gani inakunywa hivi." Alitaka kucheka, akalia, kulia kukaleta kikohozi, na Honi alikimbia kumletea dawa yake ya kuvuta akakaa naye chini, sakafuni, mpaka kifua kikatulia. Sebuleni mama mkwe alikuwa akibandua karatasi ukutani, moja moja, bila kuchana. Akarudisha kalenda.

Jioni fundi alikitoa kifaa kwenye basi akakirudisha kwenye gari la nyumbani. Hakupewa chai.

Usiku ule Honi hakulala, na hakunywa. Asubuhi alitoka na shati la kazi, akakuta gari limeshageuzwa. Mke alikuwa kwenye usukani. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma, mahali pa Honi, na mkoba mapajani. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na mrija ulikuwa umefutwa, umewekwa juu ya leso.

Akasita na mlango mkononi. "Mama, lakini mimi nikipuliza…"

"Una leseni," mama alisema. "Wenyewe wamekukatalia kuirudisha. Kaa, puliza." Akaweka sawa mkoba. "Ikiwa nyekundu, tunatembea. Sote watatu, mpaka shuleni, kila siku. Na magoti yangu unayajua."

Honi akakaa. Akachukua mrija. Mke alikuwa akitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Akapuliza, na sekunde ya nne pumzi ikamwishia. Miezi sita alikuwa amemsikia mtu mwingine akifanya kazi hii, akadhani ni rahisi.

"Usikaze tumbo," sauti ilitoka nyuma, ile ya wodini. "Vuta mpaka chini. Haya, ishushe. Polepole. Bado. Bado. Ishushe yote."

Sekunde sita. Kiboksi kikafikiri. Mama mkwe aliinama, akaanza kushika kitasa cha mlango.

Kijani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mke akaingiza gia, gari likatoka uani, likapita geti, likashika barabara ya shule.

"Moja," mama mkwe alisema.